Mita Iliyobaki kwa Jina Langu

Shikamooni mama zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Mwenyekiti amesema nieleze kwa ufupi na nisitaje mtu. Sitataja. Wenyewe mnajijua, na mmekaa humu humu.

Huku Runzewe mnaniita Mama Baraka. Kabla ya hapo, Kahama, nilikuwa Mama Pendo. Lishikeni hilo.

Kahama tulipanga vyumba viwili, mimi na baba watoto. Maji hayakuwemo. Mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, wewe umefika kidato cha nne. Nenda kaombe maji kwa jina lako, mimi mambo ya fomu siyawezi." Nikaona nimesifiwa. Nikajaza fomu, mita ikafungwa, jina langu juu.

Baadaye baba watoto akasikia Rwamgasa dhahabu inatoka. Tukafunga magodoro, Pendo mgongoni, tukaondoka. Mita tukaiacha kama wapangaji wote wanavyoachiana: anayeingia anaendelea kulipa kwa jina lako, anakwepa gharama ya kuunganishiwa upya. Msicheke, ndugu zangu. Nusu yenu mmefanya hivyo hivyo.

Aliyeingia alikuwa mfyatua matofali. Akafyatua uani msimu mzima, bili hakulipa hata moja, akahama. Maji yakakatwa. Deni likabaki na mimi, na mimi sijui.

Miaka ikapita, tukahamia huku Runzewe. Kikundi chetu kikaomba mkopo wa mashine ya kukoboa mpunga. Mnakumbuka siku ile benki. Ofisa mikopo akaangalia kompyuta yake, akasema, "Kuna mwenzenu ana deni la maji la zamani, limeingia kwenye taarifa zake za mikopo. Akiwemo yeye, kikundi hampati." Akasoma jina. Mkanigeukia wote.

Njia nzima hakuna aliyenisemesha. Kikao kilichofuata mmoja wenu akasema, makusudi nisikie, "Kumbe tunaweka akiba na mtu anayekimbia madeni." Mwingine akadakia, "Na ndiye anayetudai faini tukichelewa." Mkacheka. Mkanipa mwezi mmoja nisafishe jina, la sivyo nitoke.

Nikaenda Kahama na hasira zangu. Mwenye nyumba akanipokea vizuri, "Karibu, Mama Pendo. Pendo si ameshakuwa mkubwa sasa?" Nikamwambia sikuja kusalimiana, nimekuja twende wote ofisi ya maji akaseme ukweli. Akasema, "Mita ni yako, mayu, mama yangu. Jina langu halipo pale." Kisha akanikaribisha chai. Nusura nimmwagie.

Ofisini, dada wa dirishani akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ulipohama ulileta barua?" Sikuleta. "Basi una nini kinachoonyesha ulikuwa kwingine? Mkataba wa pango?" Nikamwambia Rwamgasa tulilala kwenye turubai. Nani anaandikiana mkataba wa turubai?

Nikapanda basi kurudi. Na njiani ndipo nikakumbuka nina karatasi moja tu yenye jina la Rwamgasa. Nimeifunga kwenye kitambaa chini ya sanduku, na tangu niifunge sijawahi kumwonyesha mtu. Nilitaka kuiacha huko huko. Nilikaa kitandani muda mrefu, Baraka ananyonya, ninajiuliza kama mashine ya kukoboa inastahili. Kesho yake nikaenda nayo.

Ni kadi ya kliniki ya Pendo. Kuanzia mwezi tuliohama, kila mwezi amepimwa uzito zahanati ya Rwamgasa, muhuri upo. Yule dada akafuata mihuri kwa kidole, mmoja mmoja. Akafika mwisho. "Mbona imeishia hapa?"

Nikamwambia, "Aliishia hapo. Homa, siku tatu."

Akapeleka kadi kwa mkubwa wake. Nikamwomba asiikunje.

Wakakubali. Bili ya mwezi wetu wa mwisho nilipe mimi, na nililipa. Nyingine zote wakazihamishia kwa mwenye nyumba. Hata hivyo ilichukua wiki nyingi jina langu kufutwa kule benki, na mashine imefika mpunga umeshauzwa. Hasara hiyo nusu yake ni yangu, siikatai. Nusu ni ya mfyatua matofali, popote alipo.

Namshukuru mama mmoja hapa aliyenipa nauli bila kuniuliza kitu, akabaki na Baraka kutwa nzima. Anajijua. Namshukuru yule dada wa dirishani. Nanyi nawashukuru kwa kunirudisha kikundini baada ya mwezi mlionipa kupita, ingawa bado nina hasira nanyi, na sitasema zimeisha.

Nawaambia hivi. Ukihama, nenda kafunge mita, upewe karatasi, uitunze. Kabla kikundi hakijaenda benki, kila mtu aulizie taarifa zake mwenyewe. Na mwenzako akitajwa, muulize kwanza. Mngeniuliza, ningewaambia kuhusu Pendo mimi mwenyewe, siku ninayotaka mimi.

Yule dada aliponirudishia kadi alikuwa ameigonga muhuri wa kupokelewa, kwa mazoea tu. Aliona, akaniomba radhi mpaka machozi. Ila muhuri haufutiki. Kwa hiyo muhuri wa mwisho kwenye kadi ya mwanangu ni wa ofisi ya maji.

Nimemaliza. Tuendelee na hisa.