Madumu ya Maji ya Bahari Mlangoni Kwangu

Wewe uliyekaa nyuma karibu na mlango, sogea mbele kidogo. Sauti yangu ni ndogo na sitaki ukose neno. Wazee wangu, shikamooni. Wanawake wenzangu mliofiwa, ninyi ndio hasa niliowajia leo. Majina ya watu sitayataja. Wengine wako hai, na mmoja ananiangalia sasa hivi.

Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Tlawi. Niliolewa na fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, kutoka Tanga, enzi zile za mashamba ya ngano ya serikali kule Basotu. Tulikaa kwenye kota za shamba, na mimi nilifundisha shule ya msingi ya pale. Mume wangu aliipenda kazi yake, lakini alikuwa mtu wa pwani, na kule ukifungua mlango unaona ngano tu mpaka macho yanachoka. Basi akatengeneza bahari yake sebuleni.

Msicheke, nawaambia kweli. Aliomba vioo vya kabini ya kombaini iliyokufa, akaviunganisha kwa gundi ya madirisha, akapata tangi lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Alipokwenda likizo alirudi na ndoo za maji ya bahari, na ndani yake matumbawe laini: mengine kama vidole vya mkono, mengine kama uyoga. Nilidhani ni mawe yaliyoota kuvu. Akaniambia, "Hawa ni wanyama, mwalimu. Wametulia tu." Na kweli asubuhi yalifunguka, yakatoa nywele ndogo ndogo, yakawa yanayumba kama ngano kwenye upepo. Maji yalihitaji hewa wakati wote, na jenereta la shamba lilizimwa kila usiku, kwa hiyo alijaza upepo kwenye mpira wa ndani wa tairi la trekta, akaunganisha bomba jembamba, likatoa viputo taratibu mpaka kunakucha. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kisha aliugua ghafla, akafariki. Tulimzika kwao Tanga, nikarudi kota peke yangu. Watoto wetu walikuwa shule za bweni.

Wazee mnajua mila yetu ya zamani ya Wairaqw. Aliyefiwa anakaa kando, na watu hawaingii kwake mpaka muda upite. Siku hizi tumeilegeza, lakini enzi zile hata sisi tuliobatizwa tuliiheshimu. Majirani walinisalimu kwa mbali. Nami, ndugu zangu, ule upweke nikauzoea. Muda ulipokwisha, mimi sikutoka. Mwalimu mkuu alinivumilia, akaniongezea likizo. Nilikaa mbele ya lile tangi kutwa nzima. Nilijisemea kwamba yale matumbawe yakiendelea kuishi, mume wangu bado hajaondoka kabisa.

Hapo ndipo madereva wanapoingia. Malori ya shamba yalipeleka ngano pwani na kurudi na vipuri. Wale madereva walikuwa rafiki zake, na ndio waliokuwa wakimletea maji ya bahari tangu zamani. Wengine wanapeleka sukari na unga kwenye msiba. Wao wakasema, huyu mama tumpelekee kile alichokuwa anakipenda mwenzake. Kila lori lililorudi liliacha dumu la maji ya bahari mlangoni kwangu. Hawakubisha hodi, kwa kuheshimu mila yetu. Nilikuwa nafungua mlango nakuta dumu, naliingiza ndani, nalia.

Ningefanya nini na maji yale? Nilimwona mume wangu kila mara akijazia tangi maji yanapopungua. Nikafanya hivyo hivyo. Tangi likishuka, namimina dumu la rafiki zake. Niliona nikiyaacha yakae, nimewadharau.

Baada ya muda matumbawe yakaanza kujikunja. Asubuhi hayafunguki. Yale ya vidole yakalegea, yakatoa utelezi kama wa bamia. Uyoga mmoja ukageuka mweupe kingo zote. Nikahangaika. Nikafikiri yanakosa hewa, nikaondoa kifuniko cha kioo. Nikafikiri jua limezidi, nikaziba dirisha kwa kanga. Nikafikiri ni baridi ya Hanang, nikaweka jiko la mkaa karibu. Yote kwa wakati mmoja. Na kila yalipozidi kuumwa, niliongeza maji ya bahari, kwa sababu nani asingempa mtoto wa bahari maji ya bahari?

Siku ule uyoga ulipong'oka ukaelea, niliacha kupika. Sikuona sababu ya kuwasha moto.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa amekuja kunijulia hali kwa lori la shamba. Alinikuta sijanawa uso. Hakunisema. Alichutama mbele ya tangi akatazama muda mrefu.

"Wifi, hawa wanaumwa."

"Najua. Nimefanya kila kitu."

"Hiyo ndiyo taabu yenyewe. Umefanya kila kitu, sasa tutajuaje kipi kinawaumiza?"

Akarudisha kifuniko. Akaondoa jiko, akafungua dirisha. Akasema tuanze kwa kuuliza, kama muuguzi anavyomuuliza mgonjwa: yalianza lini, na ni nini kilibadilika kabla ya hapo? Nikamweleza habari ya madumu. Akaweka kidole kwenye kioo, pale maji yalipokoma.

"Maji yanapopungua humu," akaniuliza, "yanakwenda wapi?"

"Yanakauka. Upepo wa huku unakausha hata ugali."

"Na chumvi nayo inakauka?"

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu, na nimekulia karibu na bonde la Yaeda. Nimeona kule chini kiangazi, maji yakiondoka uwanda unabaki mweupe. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Hilo nililijua tangu utotoni, lakini huzuni ilikuwa imekaa juu yake, sikuliona.

Hatukutaka kukisia tena, tukapima. Tulichukua kichupa cha dawa ya sindano, tukatia mchanga kidogo ndani, tukachomeka bua kavu la ngano kwenye kizibo na kuliziba kwa nta ya mshumaa. Tukakiweka kwenye dumu la maji ya bahari yaliyoletwa juzi, kikaelea wima, tukafunga uzi pale uso wa maji ulipogusa bua. Tukakihamishia kwenye tangi. Kikaruka juu, uzi ukabaki hewani, maana maji yakizidi chumvi huinua kitu juu zaidi. Maji ya tangi yalikuwa mazito kuliko bahari yenyewe. Nilikuwa nimemwaga chumvi juu ya chumvi, miezi yote ile.

Nikamwambia wifi, "Lakini kaka yako alikuwa anajazia. Nilimwona kwa macho yangu."

"Alijazia nini?"

Sikujua. Alikuwa na dumu lake la bluu nyuma ya mlango, sikuwahi kumuuliza lina nini. Wifi akanishika mkono akanitoa nje, mpaka kwa jirani. Ilikuwa mara ya kwanza navuka ua wangu tangu nirudi kutoka mazishini.

"Dumu la bluu?" jirani akasema. "Si alikuwa analijaza hapa kwangu, kwenye pipa la mvua. Nilimwambia huyo samaki wake anakunywa kuliko ng'ombe. Akasema hana samaki, ana mawe yenye kiu."

Tulicheka, sote watatu, nami nikashangaa kuisikia sauti yangu. Kumbe maji ya madereva yalikuwa ya kubadilishia yaliyochafuka tu; ya kujazia yalikuwa ya mvua. Kisha jirani akainama. "Nilitaka kuja kukuuliza kama bado unayahitaji maji yangu. Niliogopa kukusumbua." Ilikuwa kiangazi, maji ya mvua yalikuwa ya kunywa wanawe, na kisima cha shamba kilikuwa cha chumvi chumvi. Alinichotea bila kupima.

Hatukuyamimina yote mara moja. Mnyama aliyezoea chumvi kali ukimshtua kwa maji matamu unammaliza. Tulitoa jagi moja la maji ya tangi, tukaweka jagi moja la mvua, tukangoja. Kesho yake tena. Polepole, mpaka ule uzi ukarudi kugusa uso wa maji.

Lakini kulikuwa na kazi ngumu kuliko hiyo. Madumu yalikuwa bado yanakuja. Ilinibidi niende uwanjani yanapopakia malori, nikawaambie watu walionipenda kwamba waache. Nilikwenda. Dereva mkubwa wao akavua kofia.

"Shemeji, umetoka."

"Nimetoka. Nimekuja kuwashukuru, na kuwaomba msilete tena maji ya bahari."

Nikaeleza kama ninavyowaeleza ninyi. Akasikiliza mpaka mwisho, akawageukia wenzake. "Mmesikia? Tumebeba madumu kutoka Tanga mpaka Basotu, tunakwenda kumuua shemeji na mawe yake." Wakacheka kwa aibu. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu msiba.

"Sasa wewe unahitaji nini?"

Nilifungua mdomo kusema maji ya mvua. Nikasema, "Nahitaji mtu wa kuingia ndani na kukaa."

Jioni ile waliingia, na chai tukanywa. Wake zao wakafuata siku zilizofuata. Yale ya vidole yalichelewa, lakini asubuhi moja nikayakuta yametoa nywele zake zote. Uyoga mmoja tulishaupoteza, nao sikuusahau. Nilirudi darasani muhula uliofuata.

Namshukuru Mungu. Namshukuru wifi yangu, aliyeuliza kabla ya kugusa. Namshukuru jirani yangu kwa pipa lake. Ndiye huyo anayejifunika kitenge usoni sasa. Nawashukuru wale madereva kwa kila dumu, hata yale yaliyodhuru, kwa sababu yalibebwa kwa moyo mweupe na safari ni ndefu.

Ninyi mliofiwa, anayekuuliza unahitaji nini, mjibu ukweli. Na ninyi wengine, wiki hii nendeni kwa mfiwa mmoja mkiwa mikono mitupu. Bisha hodi, ingia, keti. Muulize ni nini kimepungua, na usiinuke mpaka akujibu.