Nashoni Mseti na Chupa ya Jumamosi

Ndugu waombolezaji, mchungaji, wazee wa ukoo, walimu na wanachuo mliofika na basi, tunaomba mkae na mtulie, simu zizimwe.

Kwanza mjue kwamba bibi wa marehemu, Weisiko, hakuitaka kazi hii ya kusimulia historia ya mjukuu wake. Ana miaka sabini na nne, aliishia darasa la tatu kwa sababu ndama nyumbani walikuwa wengi kuliko wachungaji, na siku zote alijua kwamba Nashoni ndiye angesimama hapa kusoma historia yake yeye, si yeye kuhangaika na ya Nashoni. Lakini wanaume wa familia walikaa Jumatatu, wakachapisha karatasi safi kabisa iliyosema marehemu aliugua ghafla, bibi akaomba asomewe tena, akauliza, "Aliugua nini? Chupa ni ugonjwa siku hizi?", na Stanslaus, baba mdogo wa marehemu, akamwambia, "Mama, tumsitiri mtoto," naye akajibu, "Msitirini kwa jeneza, mdomo wangu niachieni." Wakaudhika, wakamwachia kazi yote, aseme yeye na mjukuu wake Eliza aandike na kusoma, na ndiyo haya mnayoyasikia. Bibi anataka jambo moja tu, kwamba vijana waliokaa pale chini ya turubai waondoke wakijua mwenzao kafa na nini, kwa sababu Jumamosi nyingine ni keshokutwa.

Marehemu Nashoni Mseti alizaliwa tarehe 3 Mei 2003 katika kijiji cha Kewanja, wilaya ya Tarime, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Mseti na Nora, na alizaliwa akiwa mdogo kiasi kwamba mkunga alimfunga kwenye kitenge kimoja na chupa ya maji ya moto, akatabiri kwamba hatamaliza wiki. Alimaliza wiki, akamaliza na mwaka, na mwaka 2009 baba yake alipofukiwa na shimo la wachimbaji wadogo, bibi alikwenda Kewanja mwenyewe, akamchukua kijana akiwa na miaka sita, akamleta hapa Mbalibali, wilaya ya Serengeti, na mdogo wake Eliza akabaki kwanza na mama. Njia nzima kijana hakulia, aliuliza tu kama kwa bibi kuna ng'ombe, akaambiwa wapo, akalala.

Alisoma shule ya msingi hapa Mbalibali kuanzia mwaka 2010 hadi 2016, na sekondari huko Issenye kuanzia 2017 hadi 2020, akienda kwa baiskeli ya marehemu babu yake isiyo na breki. Hakuwa wa kwanza darasani, na asiwepo mtu wa kuwadanganya leo, hisabati ilimshinda kabisa, lakini mwalimu wa baiolojia aliwahi kusema mbele ya wazazi kwamba kijana huyu akimgusa mbuzi, mbuzi mwenyewe anaonyesha panapouma.

Kuhusu kazi, alianza kabla hajasomea. Tangu mwaka 2021 alizunguka kijijini akichanja kuku, akikata kwato, akisaidia ng'ombe waliokwama kuzaa, na mwaka 2022 alivua shati mbele ya wanawake, akapaka mkono sabuni hadi begani, akamtoa ndama aliyekuwa ametanguliza matako, ndama na mama yake wote wakapona, na mwenye ng'ombe akalia kama mtu aliyefiwa. Watu wazima walimwamkia yeye kwanza wakisahau umri wao, naye akiona haya anawahi kusema shikamoo. Jambo alilolirudia kila boma hadi watu wakachoka ni namna ya kumnywesha ng'ombe dawa kwa chupa. Alisema usimwinue pua juu kama unamwonyesha mawingu, na aliyelala hoi hajitambui usimnyweshe kabisa, kwa sababu hamezi, dawa inaingia kwenye mapafu, na utakuwa umemwua wewe, si ugonjwa. Mwaka 2023 alimzuia bibi yake mwenyewe, akamnyang'anya chupa mkononi, bibi akamwita mwana asiye na adabu, na ng'ombe akapona bila ile chupa. Hilo bibi hakuwahi kulikiri hadi leo.

Septemba 2024 alijiunga na chuo cha mifugo, mkoa jirani, kusomea stashahada ya afya ya wanyama, na alikuwa mwaka wa pili.

Kuhusu ndoa, hakuoa, ila alikuwa na mitamba wawili aliowatenga kwa mahari, na kila mtu alijua ametenga, ila binti mwenyewe alikuwa hajajulikana. Kuhusu watoto, hakuacha, na kama yupo msichana mwenye habari tofauti, bibi anamwomba aje aseme wiki hii, atapokelewa vizuri, atakula na kulala, wala hakuna atakayemtukana.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na ndipo karatasi ya wanaume iliporuka mtaro.

Familia hii si ya walokole, na bibi anayeyasema haya amepika pombe ya mtama miaka arobaini, hivyo pombe anaijua kuliko mchungaji, na mchungaji amsamehe. Wazee waliokunywa uani kwake walikaa kwa mirija wakizunguka chungu kimoja, walikuwa wamekula ugali kwanza, walikunywa huku wakibishana habari za malisho tangu mchana hadi ng'ombe wanarudi, na mmoja alikatazwa kuonja ili awafikishe wenzake nyumbani. Nashoni na wenzake hawakunywa hivyo. Walikaa siku ishirini bila kugusa, wakisoma kweli, wakifunga mkanda kweli, halafu siku ya ishirini na moja wanazinywa zote ishirini kwa saa moja, na kwa kuwa siku ishirini hawakugusa, kila mmoja anaapa kwamba yeye si mlevi. Bibi alimwona likizo ya Desemba, amerudi kutoka Issenye kwa wenzake amebebwa kwenye bodaboda kama gunia, akamwambia asubuhi, "Wewe hunywi, wewe unameza," naye akacheka, akasema, "Bibi, ni sherehe tu." Kosa lake lilikuwa hilo, na lingine moja, kwamba hakuweza kuvumilia kuchekwa.

Jumamosi tarehe 21 Februari 2026 walikuwa wamemaliza mitihani ya muhula. Saa nane mchana walikusanyika watano katika chumba cha kupanga karibu na chuo, chumba cha Faustine Mayunga, kijana wa Kewanja, ambaye baba yake alikuja kutoka Geita kufuata dhahabu, na ambaye amekula katika nyumba hii likizo mbili, akaitwa mjukuu. Hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Faustine alileta chupa kubwa ya pombe kali, akatangaza kwamba anayetaka kuitwa mwanaume aimalize bila kuishusha, wawili wakashindwa, na zamu ya Nashoni ilipofika aliishusha katikati, akasema inatosha. Hapo Faustine alisema, na maneno haya ameyakiri mwenyewe, "Mkurya gani wewe unalamba kama paka? Nenda kanywe maziwa ya bibi yako." Wenzake wakacheka, wakapiga makofi, Nashoni akaichukua tena, akaimaliza.

Kufika saa tisa na nusu alikuwa amelala sakafuni chali, anaitwa haitiki, anakoroma. Wakasema akikoroma yuko salama. Mmoja alitaka aitwe mlezi wa wanafunzi, Faustine akamwambia, "Tufukuzwe chuo kwa sababu ya mtu kulala?" Halafu wakakumbuka kwamba maziwa huua makali ya pombe, jambo ambalo sisi watu wa ng'ombe tunaambiana tangu zamani bila yeyote kuwahi kulipima, na chumbani kulikuwa na dumu la maziwa mgando ambalo bibi alilituma kwa basi siku ya Alhamisi. Wakamwinua kichwa, wakambana pua, wakammiminia. Ni wanafunzi wa mifugo, mwaka wa pili. Ng'ombe aliyelala hoi wanajua hanyweshwi, wamelijibu hilo kwenye mtihani wa Ijumaa, na Nashoni mwenyewe ndiye aliyewafundisha usiku wa kuamkia mtihani. Wakamnywesha maziwa ya bibi yake, akakohoa mara mbili, wakafurahi kwamba ameamka.

Saa kumi na moja jioni Irine, mwanafunzi mwenzao, alipita kudai daftari lake, akaona midomo imekuwa kama majivu, akapiga kelele, akamgeuza ubavu, akamtoa uchafu kinywani kwa vidole vyake, akasimamisha bajaji, na njia nzima alimshikilia hivyo hivyo ubavuni. Hospitalini walipambana naye, lakini saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni Nashoni alifariki, akiwa na miaka ishirini na miwili. Daktari alimweleza Stanslaus kwamba pombe ile ilikuwa nyingi ya kuua peke yake, na maziwa kwenye mapafu yaliimalizia kazi, na kwamba angefikishwa saa tisa na nusu pengine tungekuwa tunamgombeza sasa hivi badala ya kumzika. Alisema pia maneno ambayo bibi aliomba yaandikwe kama yalivyo: mtu aliyelewa asiyeitika hajalala, ni mgonjwa, mlazeni ubavu, msimpe kitu chochote mdomoni, msimwache peke yake, mpelekeni. Wanachuo, mmesikia. Anayetaka kusomewa tena aje kwa Eliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania dakika zile chache, uongozi wa chuo uliotoa basi na jeneza, majirani wa Mbalibali waliochota maji na kupasua kuni tangu Jumapili, ndugu waliotoka Tarime, na wachimbaji wa Kewanja waliochimba kaburi hili kwenye mwamba bila kupumzika. Irine, binti yetu, simama watu wakuone. Ulifanya kitu sahihi, na ulifanya peke yako, usiache kukifanya kwa sababu safari hii hakikutosha.

Nashoni, ulikuwa na mikono mizuri na kichwa kigumu, na bibi yako alijivunia vyote viwili bila kukuambia. Sasa lala, mjukuu, wanyama wako tutawaangalia.

Limebaki la Faustine, kwa sababu watu mnanong'ona. Chuo kimemsimamisha mwaka mzima, hilo ni lao. Jumanne baba yake, mzee Mayunga, alifika hapa amevua kofia, akaleta ng'ombe, wazee wakataka kupokea, bibi akasema, "Rudi nao, mtabibu wao ndiye huyo mliyeniletea kwenye sanduku." Akataka kingine. Nyumba ambazo Nashoni alitibu mifugo ni thelathini na moja, zimetawanyika kutoka mtoni hadi kule mlimani, na zilikuwa hazijapata taarifa ya msiba. Bibi akasema Faustine atazipelekea, kwa miguu, na kila nyumba ataulizwa amekufa na nini, naye atajibu kwa kinywa chake, chupa, kucheka na maziwa, asiruke kitu, na Stanslaus atakuwa nyuma yake kusikiliza. Mzee Mayunga aliomba mtoto apigwe badala yake. Bibi akakataa.

Alianza Jumanne ile ile mchana, na nyumba ya mwisho jana jioni ilikuwa ya mzee Tomaso, ambaye masikio yake yamekufa zamani, na ndiye mwenye yule ndama wa mwaka 2022. Faustine alisema kwa sauti ya chini, mzee akaweka kiganja sikioni, akauliza, "Nashoni yuko chuo, amefanyaje?" Akasema tena, mzee akatikisa kichwa. Mara ya tatu akapiga kelele yote, tangu chupa hadi dumu, hata waliokuwa wanapita njiani na mifugo wakasimama, na sauti ikamkatikia katikati, akaanza upya. Mzee Tomaso akashusha kiganja, akasema, "Ngoja, mke wangu yuko shambani, na yeye asikie," akatuma mtu kumwita, na Faustine akabaki amesimama uani, anamngoja mama yule apande kilima.