Mwalimu Polikarpo na Neno "Meko"

Ndugu zetu mliokuja kumsindikiza, Mwalimu Polikarpo Adelard alizaliwa tarehe 26 Januari 1937, Mahenge, akasoma shule ya misheni hukohuko, kisha chuo cha ualimu Morogoro, akahitimu mwaka 1959. Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Demetria, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia angali mchanga, na mwaka 1972 alihamishiwa sekondari moja ya Temeke kufundisha fizikia, wakahamia Mbagala.

Mwaka 1988 aliitwa kwenye jopo la kutunga istilahi za fizikia kwa Kiswahili, akapewa sura ya mwanga. Pale miale inapokutana ikishapita kwenye lenzi, wenzake waliandika "fokasi" wakaendelea, yeye akakwama, akaazima kamusi ya Kilatini kwa padre, akakuta kwamba kwa Warumi neno hilo lilikuwa meko tu, mahali pa moto nyumbani, na kwamba Mjerumani mmoja mtaalamu wa nyota alilichukua mwaka 1604, huenda kwa kuwa jua likikusanywa hapo huunguza. Akarudi kikaoni na furaha, akapendekeza "meko". Mwenyekiti akamwambia, "Mwalimu, mtihani wa sekondari ni wa Kiingereza, tukiwapa meko tutawapoteza." Alibishana vikao vitatu, akashindwa, akalitumia darasani kwake, mkaguzi akamkemea, akaliacha.

Mwaka 1992 macho yalianza kufifia, madaktari wakasema ni presha ya macho, akapasuliwa mara mbili, na mwaka 1995 alistaafu akiwa haoni kabisa. Orodha ya istilahi ilikuwa imekwama miaka yote hiyo kwa kukosa wafadhili, ikatoka mwaka uliofuata, Mama Demetria akamsomea neno kwa neno, alipofika herufi F akasita, akasema, "Baba Auleria, wameandika fokasi." Akauliza kama hata kwenye mabano meko haipo, akaambiwa haipo. Akasema, "Haya, soma linalofuata." Walimaliza kitabu kwa siku nne.

Agosti 1998 alipata kiharusi, akafariki tarehe 2 Septemba, alfajiri, mkewe akiwa pembeni, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, na majirani, hasa Mzee Mwinshehe, ambaye kwa miaka mitatu alimshika mkono kila Jumapili hadi mlango wa kanisa, akaenda zake, misa ikiisha akarudi kumchukua.

Mwalimu, umechoka sana. Lala salama.