Mama Tikisa na Maji Yaliyokataa Kushuka

Ndugu, majirani, wafanyakazi wa bohari, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyeachiana naye ziwa, nami nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, ambayo sehemu kubwa aliyaandika mwenyewe kitandani.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa fundi wa kuchomelea na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, na sekondari ya wasichana kuanzia 1970 hadi 1973, kisha chuo cha ufundi, ambako alipata cheti cha msaidizi wa maabara mwaka 1975, na kwa kuwa wasichana darasani walikuwa wawili tu, kila mara walitumwa wao kuosha chupa, akaziosha, na ndiyo maana, alivyokuwa akitutania, alijua mapema kuliko wavulana kwamba sabuni haitoki upesi kwenye kioo.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kuwa mpima mafuta katika bohari ya mafuta ya ndege, chumba chake kikiwa chembamba, kati ya ofisi ya bosi na pampu, chenye sinki moja na dirisha lisilofunguka. Kazi yenyewe alitueleza hivi, kwamba maji hayakosi kuingia kwenye mafuta, kwa mvua au kwa jasho la tangi, lakini mafuta yakiwa safi matone hukutana, huungana, huwa mazito na kushuka chini, nawe unafungua koki unayatoa, na yanayobaki hunaswa na chujio. Ila sabuni ikiingia, hata kidogo, hulivika kila tone koti, matone yakagongana bila kuungana, yakabaki madogo yakielea, yakapita kwenye chujio, yakapanda na ndege, na huko juu kwenye baridi yakaganda na kuziba njia ya mafuta. Kwa hiyo alikuwa akitia mafuta na maji kidogo katika chupa, akaitikisa, akaiweka mezani, akasubiri aone kama maji yatashuka na kuacha mstari safi kati yake na mafuta, na wenzake wakamwita Mama Tikisa, jina lililomfuata hadi nyumbani, hata shemeji yetu alipomwona akitikisa chupa ya maziwa ya mtoto alimuuliza kama mzigo umefaulu kipimo.

Shemeji huyo, fundi wa magari, alimwoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume mwaka 1981 na wa kike wawili mwaka 1984 na 1988, wakaishi pamoja kwenye nyumba ya kupanga karibu na soko hadi shemeji alipofariki mwaka 2009.

Sehemu inayofuata aliniapisha nisiiruke. Jumatatu tarehe 13 Mei 1991 lori lilileta mafuta, mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa wiki ya pili, kitinda mimba alikuwa na surua nyumbani, na dada alipoyatazama mafuta akayaona yanang'aa, hakuitikisa chupa, akatia sahihi kwamba ameitikisa. Sababu ameiandika kwa maneno mawili, "Nilikuwa nimechoka," hakuongeza la tatu.

Kesho yake ndege yenye abiria thelathini na mmoja ilijazwa mafuta hayo, ikaruka saa tatu asubuhi. Nusu saa baadaye dada alifungua koki ya tangi kutoa maji, na kwa kuwa mvua kubwa ilikuwa imenyesha alitarajia mengi, lakini halikutoka hata tone, naye badala ya kufurahi akajiuliza maji yamekwenda wapi, akachukua chupa akaitikisa. Maji hayakushuka, na kati yake na mafuta kulikaa utando mweupe kama lesi. Akaenda kwa bosi, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila simu zilikuwa zimemwandama tangu asubuhi, akamwomba ndege irudishwe, bosi akamuuliza maji yenyewe ni kiasi gani hata watu wasumbuliwe.

"Si wingi wake, bosi," dada alisema. "Hayashuki."

"Lakini jana ulitia sahihi."

"Nilitia. Sikutikisa."

Bosi alitaka wapime tena kwanza, lakini dada alinyanyua simu ya mezani kwake, akapiga mnara wa kuongozea ndege. Ndege iligeuzwa, injini ya kushoto ikazimika ikiwa bado angani, ikatua kwa injini moja saa nne na dakika ishirini, na abiria wote wakashuka kwa miguu yao.

Uchunguzi ulionyesha kwamba tangi la lori lilioshwa kwa sabuni ya unga na halikusuuzwa vizuri. Watu walikuwa tayari kumsifu kwa ile simu, na hakuna aliyeuliza habari za sahihi, lakini dada aliwaambia wachunguzi waiandike, akasimamishwa kazi miezi minne, akarudi kwa cheo cha chini, akabaki nacho hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2015. Shemeji alimuuliza mara moja tu kwa nini hakunyamaza, akajibiwa kwamba amechoka tayari, hana nguvu za kubeba na hilo. Miaka yote ishirini na minne iliyofuata hakutia sahihi bila kutikisa, na wanawe wanamkumbuka akirudi jioni, akiketi kitandani na viatu miguuni, akisema anapumzika kidogo, halafu usingizi unamchukua hivyohivyo.

Mwaka 2019 figo zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na siku ya kwanza aliwauliza wauguzi ni nani aliyelipima chujio la mashine ile, nao wakacheka, yeye hakucheka, mpaka wakamwonyesha karatasi ya vipimo. Januari mwaka huu rubani wa ndege ile iliyogeuzwa, naye sasa mzee, alikuja kumtazama hospitalini, dada akamwambia jambo ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kumwambia, kwamba sahihi ilikuwa yake.

"Najua, mama," rubani alisema. "Nilisoma ripoti mwaka uleule. Nilikuja kukuona tu."

Dada aliomba mto ushushwe, akalala mchana kutwa.

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amebakiza siku tatu kutimiza miaka sabini, ameacha watoto watatu, wajukuu watano na sisi wadogo zake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliompeleka na kumrudisha kwa zamu miaka sita bila kuhesabiana safari, wafanyakazi wenzake waliofunga pampu kwa saa mbili ili wawe hapa, na rubani, aliyeketi pale karibu na mlango.

Dada, zamu ulizitimiza zote, na nyingine hazikuwa zako. Sasa pumzika, mama wa watoto wako na dada yetu, pumzika kwa amani.