Roswitha Theisen Anaondoka Kabla ya Mavuno

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Bibi Roswitha Theisen, msimamizi wa mizabibu ya shamba la Brandscheid, anastaafu. Tarehe hiyo imetoka kwenye sheria, haikutoka shambani. Zabibu zetu za aina ya Riesling zitakuwa bado mizabibuni, wiki mbili au tatu kabla ya kuiva, na mvua imeshatabiriwa. Nimeombwa niandike maneno ya furaha. Nitajitahidi.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na saba, mkata zabibu wa msimu, binti wa fundi viatu kutoka ng'ambo ya mto Mosel. Siku ya kwanza aliteleza mara tatu kwenye mteremko, kapu likamwagika mara mbili. Mzee Brandscheid, baba wa mwenye shamba wa sasa, akamshauri akatafute kazi dukani. "Dukani nako kuna ngazi, mzee," akamjibu, akaokota zabibu zake. Miaka tisa baadaye alikuwa msimamizi, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo upande wetu wa mto. Mgeni mmoja wa mjini alipomwuliza siri ya mvinyo wetu, alimjibu neno moja: "Magoti."

Kipimo cha sukari ya zabibu anacho, ila hakiamini peke yake. Kila asubuhi ya Oktoba hupanda mteremko, huonja, hutafuna mbegu, hutema. Sisi wa ghala la mvinyo humngoja chini, tukijaribu kumsoma usoni. Hasomeki.

Miaka sita iliyopita jalidi ya Mei, baridi inayogandisha umande, ilituulia nusu ya machipukizi, na vuli ikaja na mvua. Majirani wote wakavuna mapema. Kikabaki kipande chetu kimoja, kile tunachokiita Mlima wa Kunguru, ambacho ndicho kilichokuwa tegemeo la mwaka mzima. Bwana Volkmar Brandscheid alimfuata hadi mlangoni pa ghala.

"Roswitha, tunavuna Jumatatu."

"Jumatatu utapata maji ya ndimu, Bwana Brandscheid."

"Na zikioza?"

"Zitaoza, sikudanganyi. Ila si zote."

Roswitha alingoja siku nane. Kila siku alishuka na ndoo ya zabibu zilizooza, mikono ikinuka siki. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwa subira nilishindwa kula. Siku ya tisa, asubuhi, akasema, "Sasa."

Watu kumi na saba walikata bila kuinua vichwa. Saa nane mchana mvua ikashuka. Ilikuwa imebaki theluthi moja, mistari iliyo chini ya ukuta wa zamani wa mawe unaoshikilia udongo wa mteremko, na ndiyo iliyoiva kuliko yote. Zbyszek, kiongozi wa wakataji wetu wanaotoka Poland, akamsihi: "Bosi, nipe saa moja tu. Tunamaliza."

Roswitha alikuwa ameinama kwenye mguu wa ukuta. Maji yaliyotoka kati ya mawe yalikuwa ya tope.

"Shukeni wote," akasema. "Acheni makapu hapo hapo."

Bwana Brandscheid akapanda mbio, amelowa. "Umenisubirisha siku nane, sasa unaziacha?"

"Ndiyo."

"Ukuta huu umesimama miaka mia."

"Umesimama, ndiyo. Shuka na wewe, Volkmar."

Hakuwahi kumwita hivyo mbele za watu. Akashuka.

Ukuta haukuanguka siku ile. Wala kesho yake. Zabibu zilizoachwa zikageuka uji. Mwenye shamba hakumsemesha, na kijijini watu wakanong'ona kwamba Roswitha amezeeka, amekuwa mwoga. Yeye alikuja kazini kwa wakati wake, akasafisha mikasi. Siku ya nne, mchana, mita kumi na mbili za ukuta ziliporomoka na kufukia mistari mitatu. Hakukuwa na mtu pale.

Ningependa kuandika kwamba aliombwa radhi. Bwana Brandscheid alipanda, akatazama kwa muda mrefu, akashuka na kuagiza kuta zote zikaguliwe. Tangu hapo hajaamua jambo lolote la mteremkoni bila kumwuliza. Mwaka ule tulipata mapipa mawili badala ya matano. Ni mvinyo bora kuliko wote uliopita mikononi mwangu.

Nafasi yake inachukuliwa na Svenja Lorig, aliyejifunza kwake miaka minne. Svenja halali vizuri siku hizi, nami pia. Juma lililopita tulikwenda jikoni kwa Roswitha kumwomba aje Oktoba, kuonja tu. Alitukatia keki ya plamu kwanza.

"Siji," akasema. "Nikija, Svenja ataangalia uso wangu badala ya kuangalia zabibu."

"Na akikosea?" nikamwuliza.

"Mimi nimekosea mara ngapi, Ludger? Wewe ukarekebisha kule ghalani, ukanyamaza. Nilikuwa najua."

Nikala keki.

Bibi Theisen, tunakushukuru kwa mapipa yote, na zaidi kwa watu kumi na saba walioshuka siku ile kwa miguu yao. Tunakutakia asubuhi nyingi za Oktoba ambapo, ukiisikia mvua dirishani, utajigeuza upande wa pili na kuendelea kulala.

Ludger Pauly, ghala la mvinyo