Chupa Mgongoni mwa Marsela

Baba Paroko, wazee wetu, wafanyakazi wa afya, ndugu na majirani, mimi ni Kalisti, mdogo wake Makarius, na familia imenipa kazi ya kuwasimulia maisha ya mke wa kaka yangu, shemeji yetu Marsela Lyamba, ambaye angekuwa hai angeniambia nifupishe.

Marsela alizaliwa hapahapa Usevya tarehe 8 Septemba 1932, mtoto wa tatu wa Mzee Telesphor Lyamba na Mama Emerensiana, akasoma shule ya misheni hapa kijijini hadi darasa la nne, kisha akapelekwa Ufipa kwa masista, ambako alimaliza darasa la nane mwaka 1948, na kati ya mwaka 1949 na 1951 akasomea uuguzi na ukunga. Alifanya kazi hukohuko, akafunga ndoa na kaka yangu tarehe 9 Julai 1955, wakajaliwa watoto wanne, mmoja alitangulia akiwa mchanga, na waliobaki, Josephat, Vénérande na Telesphor, mnawaona hapa mbele.

Mwaka 1961 alihamia zahanati ya hapa kijijini, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo, maana wengi wenu mmepitia mikononi mwake na mnabisha tu kwamba hamkulia.

Desturi yetu mnaijua, mwanamke aliyejifungua halali mbali na moto, anaogeshwa maji ya moto, anakunywa uji wa moto, na maji baridi hapewi hata ya kunawa. Sasa chupa za dripu pale zahanati zilikaa stoo, kwenye sakafu ya saruji, na asubuhi za mwezi wa Juni ukiishika moja unatamani kuiachia. Juni 1972 Nyamizi, binti wa jirani yetu, alijifungua vizuri lakini damu ikakataa kukata, Marsela akamtundikia dripu, na maji yalipoanza kuingia Nyamizi akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Aliyemsindikiza alikuwa mama yetu Dafrosa, mama mkwe wa marehemu, naye yuko hapa na ameniruhusu niseme, alipoona vile aliichomoa sindano kwa mkono wake mwenyewe akisema, "Nyie mnamtia mzazi baridi ndani ya damu, mnataka afe?" Wakambeba Nyamizi wakamrudisha nyumbani kwenye moto, na kabla jua halijazama akawa amefariki.

Baada ya msiba ule akina mama waliojifungua wakaikataa dripu kabisa, na Marsela akawa anawazika wanawake huku maji ya kuwaokoa yako stoo, jambo ambalo lilimkondesha sisi tukiona. Nyumbani hali ilikuwa ngumu, kwa kuwa yeye na Mama walipika jiko moja, wakawa wanasalimiana tu na kupeana chumvi. Mwisho, siku moja tukiwa tunakula, Marsela akasema mbele yetu wote kwamba Mama alikosea kuhusu sindano, lakini kuhusu baridi hakukosea. Mama akaendelea kumenya karanga.

Kuanzia hapo, mjamzito akifika zahanati na uchungu, Marsela alichukua chupa stoo, akaifunga mgongoni kwa kitenge, ndani ya sweta, akaendelea na kazi zake, ili ikihitajika iwe imeshapata joto la mwili. Mkamwita Mama Chupa, mkamuuliza mtoto wake ataanza lini kutambaa, naye akawajibu kwamba akianza tu atakuja kuwatundikia nyie. Daktari aliyekuja kukagua kutoka Mpanda alikubaliana naye, ila alimwonya maji yasizidi joto la mwili, na onyo hilo halikumfikia kaka yangu Makarius, ambaye kwa kutaka kusaidia aliiegesha chupa kwenye mafiga, ikapasuka, akapewa adhabu ya kupasua kuni za zahanati hadi masika.

Wanawake walicheka, lakini hawakukubali kutoa mkono wachomwe sindano, walikuwa wanamsubiri Mama Dafrosa aseme neno. Tarehe 14 Julai 1973 mke wangu Josefina alijifungua, na damu yake nayo ikakataa kukata, nami nilikuwa nje ya dirisha, na sioni aibu kusema kwamba nililia. Marsela aliifungua chupa kutoka mgongoni, lakini hakuitundika, alimkabidhi mama mkwe wake kwanza. Mama aliiweka shavuni, akakaa nayo, halafu akasema, "Ina joto la mtoto. Haya, weka." Josefina hakutetemeka, na leo amekaa pale karibu na jeneza, na binti yule tulimpa jina la Marsela. Tangu hapo hakuna mzazi wa Usevya aliyekataa dripu.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba Oktoba 1978, akilalamikia tumbo, na mwezi Mei mwaka huu tulimpeleka hospitali mjini Mpanda, ambako madaktari walikuta uvimbe uliokwishaenea. Alikuwa anatapika kila anachokula, wakaagiza awekewe maji, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi kali. Mama Dafrosa, pamoja na magoti yake mabovu, alimwomba nesi ile chupa, akaifunga mgongoni kwa kitenge, akawa anazunguka nayo wodini taratibu. Marsela akafumbua macho, akasema, "Mama, umezaa uzeeni." Mama akamjibu, "Nyamaza, utamwamsha mtoto." Walicheka wote wawili, na mimi nilikuwepo.

Alifariki Alhamisi, tarehe 21 Juni 1979, mchana, Makarius akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mpanda, wafanyakazi wenzake wa zahanati, dereva aliyetuletea mwili bila kulala, majirani mliopika na kuchimba, na akina mama wa parokia mliokesha mkiimba.

Shemeji, hapa leo kuna baridi, lakini Mama amekataa tukufunike kwa sanda peke yake, amekuwekea na kile kitenge. Basi pumzika kwa amani, Mama Chupa, ukiwa na joto lako.