Benedikta na Kigae cha Makaa

Baba Paroko, ndugu, majirani na wanakijiji wote mliofika leo Jumatatu, tarehe 15 Agosti 1983, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, familia imemtuma Anatoli, mtoto wa kwanza wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi huko Nyashimo, awasomee maisha ya mama yake, nanyi mtamvumilia akisitasita, kwa sababu mjomba wake Mihayo amemwomba aruke sehemu moja, na mpaka anasimama hapa alikuwa hajaamua.

Marehemu Benedikta alizaliwa Nkoma mwaka 1931, mwaka wa nzige, siku na mwezi havikuandikwa popote, akiwa mtoto wa pili wa Bibi Sayi na mdogo wa Mihayo aliyekaa hapa mbele. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akabatizwa tarehe 8 Desemba 1943, na tangu siku hiyo rozari haikumtoka shingoni, hata shambani, hata shanga ziliponasa kwenye vitumba vikavu vya pamba, mpaka Bibi Sayi akawa anamtania kwamba huyo Maria wake naye ashike gunia achume.

Tarehe 7 Oktoba 1950 alifunga ndoa na Januarius, karani wa kupima pamba wa chama cha ushirika, wakajaliwa watoto saba, watano wako hai, na Januarius alifariki tarehe 19 Juni 1972. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, marehemu alihamia hapa pamoja na Bibi Sayi, akalima shamba lake na la pamoja, akafundisha mafundisho ya ubatizo kigangoni, akajiunga na Lejio ya Maria, na kiwanja kilichopakana na chake alipewa mjane mwenzake, Philomena, aliyekuwa akikaa naye benchi moja kanisani, pamoja na Shija, mwana pekee wa Philomena.

Sehemu ambayo mjomba ameomba irukwe inaanzia hapa, na Anatoli anaisoma.

Alfajiri ya tarehe 3 Februari 1980 Bibi Sayi aliuawa kwa panga mlangoni pake, mwanamke aliyepita miaka sabini, na kosa lake lilikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa mavi ya ng'ombe, kwa kuwa kuni hakuna, jambo ambalo kila mama aliyeko hapa analijua kwa sababu naye anapikia hayo hayo. Aliyemuua ni Shija, aliyekuwa amezika mtoto wake wiki ile na kuambiwa na mganga kwamba aliyemroga ni bibi huyo mwenye macho mekundu, na tarehe 14 Mei 1981 alihukumiwa kunyongwa. Philomena, kwa hofu ya mama, alilifua shati la mwanawe lenye damu kabla mgambo hawajafika, na kwa kosa hilo wazee wa kijiji walimhukumu kwa desturi yetu, kwamba asisalimiwe, asichotewe maji, asipewe moto, na yeyote atakayeshiriki naye moto ahesabiwe ametengwa pamoja naye. Mnajua viberiti vilivyoadimika tangu vita, mnajua moto unaazimwa nyumba kwa nyumba, basi kumnyima mtu moto ni kumwambia ale unga mbichi.

Marehemu naye alimtenga Philomena, hilo alilisema mwenyewe na hakutaka lifichwe, akawa anampita kisimani zaidi ya mwaka mzima bila kumwitikia, lakini akaanza kushindwa kumaliza rozari, kila akifika kwenye "utuombee sisi wakosefu" anasimama, anaanza upya, anatoka nje, anarudi. Mwezi Juni 1981 alifunga safari hadi gerezani kumwona Shija, askari akakataa shanga zisiingie, akarudi siku ya pili na uzi wa pamba aliousokota na kuufunga mafundo kumi, wakasali kwa uzi huo, na walipomaliza, yule kijana aliyemuulia mama yake hakuomba msamaha wala maji, aliuliza tu, "Mama anapikaje?"

Alirudi nyumbani akijua jibu, na jioni ile ile alichukua makaa kwenye kigae, akavuka uzio wa minyaa. Wazee walimtoza dume la ng'ombe ili naye asihesabiwe ametengwa, akalitoa, akaendelea, wakamtoza la pili, akalitoa, na la tatu halikuwepo zizini, wakachoka kabla yake. Desemba hiyo Anatoli alikuja likizo, akamkuta mama yake na kigae mlangoni pa Philomena, akakinyakua, akakimwagia maji mbele ya wote wawili, naye anakiri leo hadharani kwamba alifanya hivyo. Mama hakumkaripia, alisema, "Anatoli, tunamwomba Maria kila siku kwa saa ya kufa kwetu. Saa ya Shija imeshaandikwa. Ya kwako unaijua?" kisha akaenda kuchukua makaa mengine.

Shija alihamishwa gereza, na barua haikuja tena, hivyo kila siku marehemu alimwombea mara mbili, mara moja kama mzima, mara moja kama marehemu, na amekufa bila kujua ipi ilikuwa sahihi.

Mwezi Machi mwaka huu alianza kuugua uvimbe wa tumbo, akatibiwa hospitali ya misheni, kisha Mwanza, akarudishwa nyumbani tarehe 20 Julai, na aliyemwogesha, akamgeuza na kumlisha hadi Jumamosi tarehe 13 Agosti, saa tisa alasiri, alipokata roho, ni Philomena. Wasia wake ni mmoja, kwamba Philomena atupe udongo wa kwanza, kabla ya watoto, na mpaka sasa Philomena amesimama nyuma ya minyaa kwa sababu wazee wamemkatalia kuingia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanalejio wenzake, walimu kutoka Nyashimo, na ninyi majirani mlioleta unga na maji. Kuhusu moto, leo alfajiri jiko la msiba lilikuwa baridi na duka la ushirika halina kiberiti, Anatoli akachukua kigae cha mama yake, akaenda kubisha kwa Philomena, akapewa makaa. Uji mliounywa nyote asubuhi hii, wazee mkiwa wa kwanza, ulipikwa kwa moto huo. Basi kwa hukumu yenu wenyewe, ama kijiji kizima kimetengwa, ama hakuna aliyetengwa, na mjomba Mihayo, ambaye Bibi Sayi alikuwa mama yake pia, anaombwa ainuke amfungulie Philomena njia.

Pumzika kwa amani, mama, sisi hatutashika udongo mpaka Philomena atangulie.